Upeo wa Matarajio na Hukumu ya Hadhira: Mapokezi ya Filamu ya Jackie Brown ya Quentin Tarantino

Ikisiri

Makala hii inafafanua maoni ya hadhira kuhusu Jackie Brown, filamu ya uhalifu iliyoongozwa na Quentin Tarantino na kutolewa nchini Marekani tarehe 25 Desemba 1997. Filamu hiyo ilitoka miaka mitatu baada ya Pulp Fiction, kazi iliyompa mwongozaji wake umaarufu wa dunia nzima, na kwa muda mrefu ilihesabiwa kuwa kazi yake iliyopwaya. Baadaye maoni yaligeuka, na leo wapo watazamaji na wahakiki wengi wanaoiweka miongoni mwa kazi zake bora. Kwa kuongozwa na Nadharia ya Upokezi ya Hans Robert Jauss, makala inaonesha kwamba hukumu ya kwanza na hukumu ya pili, pamoja na kupingana kwake, zimetumia kipimo kimoja: zote zinaipima Jackie Brown kwa filamu nyingine za mwongozaji huyohuyo. Makala inatoa hoja kwamba kipimo kinachoitendea haki filamu hii kimo ndani ya filamu yenyewe, hasa katika namna inavyoutumia muda kusawiri maisha ya watu wa makamo waliobakiwa na nafasi chache.

Istilahi za msingi: upokezi, upeo wa matarajio, hadhira, filamu ya uhalifu, tasnifu ya mwongozaji.

1.0 Utangulizi

Historia ya sanaa ina mifano mingi ya kazi zilizopokelewa kwa ubaridi zilipotoka na kuja kuheshimiwa baadaye. Mara nyingi jambo hilo huelezwa kwa urahisi: kwamba hadhira ya mwanzo haikuelewa, na hadhira ya baadaye imeelewa. Maelezo ya namna hiyo hayatoshi. Hayasemi hadhira ya mwanzo ilikuwa inatafuta kitu gani, wala hayasemi iwapo hadhira ya baadaye imekiona kilichomo katika kazi au imebadilisha tu kile inachokitafuta.

Filamu ya Jackie Brown inafaa kuchunguzwa kwa mintarafu hiyo kwa sababu mbili. Mosi, mwongozaji wake ni miongoni mwa waongozaji wanaojulikana zaidi katika kizazi chake, hivyo matarajio ya hadhira yalikuwa wazi na yanaweza kutajwa. Pili, kisa chenyewe cha filamu kinahusu mtu anayepimwa vibaya. Mhusika mkuu ni mwanamke ambaye maofisa wa usalama, mhalifu anayemtumia na washirika wa mhalifu huyo wanamwona kuwa mtu mdogo wa kutumwa. Mambo yote makubwa yanayotokea yanategemea kosa hilo la kumpima. Waswahili husema, umdhaniaye siye, kumbe ndiye. Swali la nani anathaminiwa, na kwa kipimo gani, limo ndani ya filamu kabla halijawa swali la wahakiki.

Ni vema kutahadhari tangu mwanzo na dai kwamba filamu hii "haikuthaminiwa". Dai hilo likichukuliwa kwa maana ya juujuu si la kweli. Bajeti ya filamu ilikuwa takriban dola milioni 12, na mapato yake duniani yalizidi dola milioni 70. Roger Ebert, mhakiki mashuhuri wa gazeti la Chicago Sun-Times, aliipa nyota nne, ambacho ndicho kiwango chake cha juu kabisa. Samuel L. Jackson alipata tuzo ya Dubu wa Fedha ya mwigizaji bora wa kiume katika Tamasha la Filamu la Berlin la mwaka 1998. Robert Forster aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi. Kwa mwongozaji mwingine, matokeo hayo yangeitwa mafanikio bila mjadala. Kwa Tarantino yaliitwa kurudi nyuma. Kutothaminiwa kunakojadiliwa hapa, basi, ni kwa kulinganisha: filamu ilionekana ndogo kwa sababu iliwekwa kando ya kitu kilichoonekana kikubwa.

2.0 Kiunzi cha Nadharia

Makala inaongozwa na Nadharia ya Upokezi kama ilivyoasisiwa na Hans Robert Jauss katika mhadhara wake wa mwaka 1967 kwenye Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani. Kwa mujibu wa Jauss, kazi ya fasihi haimfikii msomaji ikiwa peke yake. Humkuta msomaji akiwa tayari na upeo wa matarajio uliojengwa na mambo matatu: kanuni za utanzu anazozifahamu, kazi zilizotangulia ambazo kazi mpya inazikumbusha, na tofauti anayoiona kati ya ulimwengu wa sanaa na ulimwengu wa maisha ya kila siku. Nafasi iliyopo kati ya upeo huo na kazi yenyewe Jauss aliiita umbali wa kiujumi. Nafasi hiyo ikiwa ndogo, kazi hupokelewa kwa urahisi. Ikiwa kubwa, kazi huweza kukataliwa kwanza, kisha ikaubadilisha upeo wenyewe kadiri miaka inavyopita.

Jauss alitoa mfano wa riwaya mbili za Kifaransa za karne ya 19 zilizohusu uzinzi: Madame Bovary ya Gustave Flaubert na Fanny ya Ernest Feydeau. Fanny ilipendwa na wengi kwa sababu iliwapa wasomaji walichokizoea. Madame Bovary iliwasumbua kwa namna yake mpya ya kusimulia. Miaka ilipopita, ya pili ilibadilisha namna riwaya zinavyosomwa, na ya kwanza ikasahaulika.

Ingawa Jauss alizungumzia fasihi, mawazo yake yanahamishika katika filamu bila taabu. Mtazamaji wa filamu huingia ukumbini akiwa amekwisha kuona bango, amesoma majina ya waigizaji, na amesikia habari za mwongozaji. Pale ambapo maoni ya hadhira yanatokana na nafasi ya watu katika jamii kuliko mazoea ya kisanaa, makala inatumia pia mawazo ya Stuart Hall, ambaye mwaka 1973 alieleza kwamba mtazamaji anaweza kuupokea ujumbe kama ulivyokusudiwa, kuupokea kwa masharti, au kuupinga.

3.0 Usuli: Kutoka Rum Punch hadi Jackie Brown

Filamu inatokana na Rum Punch, riwaya ya mwandishi Mmarekani Elmore Leonard iliyochapishwa mwaka 1992. Katika istilahi za uhakiki wa Kiswahili, riwaya hiyo ingewekwa katika kundi la riwaya pendwa: ina wahalifu, polisi, fedha haramu na hila. Tarantino aliifuata kwa ukaribu, lakini alifanya mabadiliko mawili makubwa. Mandhari aliyahamisha kutoka Palm Beach, Florida, hadi Los Angeles, katika vitongoji vya South Bay ambako yeye mwenyewe alikulia. Mhusika mkuu, ambaye katika riwaya ni mwanamke mzungu aitwaye Jackie Burke, alimfanya kuwa mwanamke mweusi aitwaye Jackie Brown, na nafasi hiyo akampa Pam Grier.

Jackie ana umri wa miaka 44. Ni mhudumu wa ndege katika shirika dogo linalosafiri kwenda Meksiko, kazi aliyoangukia baada ya kosa la zamani kumfungia milango ya mashirika makubwa. Mshahara wake ni dola 16,000 kwa mwaka. Ili kujazia, humletea fedha kutoka Meksiko muuza silaha haramu aitwaye Ordell Robbie, aliyeigizwa na Samuel L. Jackson. Siku moja anakamatwa uwanja wa ndege na maofisa wawili, mmoja wa idara ya serikali kuu inayodhibiti silaha na mwingine wa polisi wa Los Angeles. Begi lake lina dola 50,000 na kiasi kidogo cha kokeini ambayo hakujua kuwa imo. Ordell anamlipia dhamana, lakini nia yake ni kumuua asije akasema, kama alivyokwisha kumuua kijana mmoja aliyekamatwa kabla yake.

Mtu anayekwenda kumchukua Jackie gerezani ni Max Cherry, aliyeigizwa na Robert Forster. Max ana umri wa miaka 56, na biashara yake ni kuwawekea watuhumiwa dhamana mahakamani kwa malipo. Kutoka hapo Jackie anapanga hila ya hatari. Anawaahidi maofisa kwamba atawasaidia kumnasa Ordell. Anamwahidi Ordell kwamba atamwingizia nusu milioni ya dola mbele ya macho ya maofisa haohao. Kwa msaada wa Max, anawazunguka wote na kuzichukua fedha yeye.

4.0 Upeo wa Matarajio wa Mwaka 1997

Watazamaji walioingia kumbini mwishoni mwa mwaka 1997 walikuwa wamebeba matarajio kutoka vyanzo vitatu.

Chanzo cha kwanza ni kazi za mwongozaji mwenyewe. Reservoir Dogs ya mwaka 1992 ilimtambulisha. Pulp Fiction ya mwaka 1994 ilimtawaza: ilishinda tuzo kuu ya Tamasha la Cannes, ikampatia yeye na Roger Avary tuzo ya Oscar ya mswada asilia, na ikaingiza zaidi ya dola milioni 200 duniani kwa bajeti ya takriban dola milioni 8. Kutokana na filamu hizo mbili hadhira ilijifunza kumtarajia Tarantino kwa alama fulani: wakati uliokatwakatwa na kupangwa upya, ukatili unaozuka ghafla katikati ya mazungumzo ya mzaha, na wahalifu wenye ulimi mwepesi. Kufikia 1997 alama hizo zilikwisha kuigwa na waongozaji wengine, na wengi walimngoja bwana mwenyewe aje kuonesha jinsi inavyofanywa.

Chanzo cha pili ni mwigizaji mkuu. Pam Grier alipata umaarufu katika miaka ya 1970 kwa filamu za uhalifu zilizolenga watazamaji weusi wa mijini, hasa Coffy ya mwaka 1973 na Foxy Brown ya mwaka 1974, ambamo aliigiza mwanamke jasiri anayelipiza kisasi kwa silaha. Jina la Brown alilopewa Jackie linaikumbusha Foxy Brown moja kwa moja, na mwandiko wa anwani ya filamu unafuata mtindo wa kazi za wakati ule. Aliyezisoma ishara hizo alikuwa na kila sababu ya kutarajia kisasi na risasi.

Chanzo cha tatu ni majina makubwa yaliyoizunguka filamu. Robert De Niro, aliyejulikana kwa wahalifu wenye moto, hapa anaigiza Louis Gara, mtu aliyetoka gerezani ambaye anazungumza kidogo, anafikiri taratibu, na katika saa muhimu kabisa anasahau alikoegesha gari. Hadhira iliahidiwa De Niro, ikapewa mtu aliyekwisha.

Kwamba upeo huo ulivurugika kunaonekana hata katika tuzo. Waandaaji wa Golden Globe waliwateua Pam Grier na Samuel L. Jackson katika kundi la filamu za vichekesho na muziki. Jackie Brown ina ucheshi na ina muziki mwingi, lakini kuiweka katika kundi hilo kunaashiria jinsi ilivyokuwa vigumu kuipatia utanzu. Aidha, ilitoka siku sita tu baada ya Titanic, filamu iliyotawala mazungumzo ya msimu mzima.

5.0 Maoni ya Hadhira na Misingi Yake

5.1 Kwamba filamu ni ndefu na inakwenda polepole

Lawama iliyosikika zaidi ilihusu urefu na mwendo. Lawama hiyo inapaswa kuangaliwa pamoja na jambo moja la kitakwimu: Jackie Brown inachukua takriban dakika 154, urefu uleule wa Pulp Fiction. Wachache waliilalamikia Pulp Fiction kwa urefu. Tatizo, kwa hiyo, halikuwa idadi ya dakika. Lilikuwa matumizi ya dakika hizo.

Pulp Fiction inagawa muda wake katika visa kadhaa vinavyokatizana, hivyo mtazamaji hupata mwanzo mpya kila mara. Jackie Brown inasimulia kisa kimoja kwa mfuatano wa kawaida na inakaa na watu wake hata pale ambapo hakuna tukio. Mfano mzuri ni asubuhi ambayo Max anamtembelea Jackie nyumbani. Wanakunywa kahawa bila maziwa kwa kuwa maziwa yaliharibika Jackie alipokuwa mahabusu. Jackie anaweka sahani ya santuri ya kundi la The Delfonics. Wanazungumza kuhusu kuzeeka, nywele na uzito. Humo ndimo Jackie anapokiri kwamba kuanza maisha upya bila mtaji wowote kunamtisha kuliko Ordell mwenyewe.

Kwa mtazamaji anayengoja tukio, mazungumzo hayo ni uchelewesho. Kwa muundo wa filamu, ndiyo tukio. Bila maelezo hayo, wizi utakaofuata ungekuwa tamaa ya kawaida ya fedha. Kwa maelezo hayo, mtazamaji anatambua kwamba Jackie anahatarisha uhai kwa sababu maisha aliyobakiwa nayo, akipoteza kazi, hayana pa kuanzia. Baadaye Max anakwenda dukani kununua kanda ya The Delfonics na kuipiga katika gari lake. Hatamki neno lolote la mapenzi. Filamu inamwachia mtazamaji muda wa kuliona hilo mwenyewe.

Vivyo hivyo, tukio kuu la kubadilishana mabegi katika jengo la maduka la Del Amo, Torrance, linaoneshwa mara tatu: kwanza kwa upande wa Jackie, kisha kwa upande wa Louis na mwenzake Melanie, na mwisho kwa upande wa Max. Hapa ndipo mahali pekee ambapo filamu inauvunja wakati kwa kiwango kikubwa. Wapo waliouona urudiaji huo kuwa mbwembwe iliyosalia kutoka Pulp Fiction. Uchambuzi unaonesha kazi yake ni nyingine. Katika mzunguko wa kwanza mtazamaji anaona hila ikipangwa na wasiwasi wa Jackie. Katika wa pili anaona uzembe na hasira zinazozaa kifo. Katika wa tatu anaona mtu wa makamo anayeingia dukani kwa utulivu, anaulizia begi lililosahauliwa, na kutoka nalo bila mtu kumgeukia. Fedha zinapita mikononi mwa yule ambaye hakuna aliyemtazama, na hilo lisingeonekana kwa mzunguko mmoja.

5.2 Kwamba filamu haina Tarantino wa kutosha

Maoni ya pili yalisema kwamba mwongozaji amejificha nyuma ya riwaya ya mtu mwingine. Ni kweli kwamba Jackie Brown ndiyo filamu yake ndefu pekee iliyotokana na riwaya. Ni kweli pia kwamba ukatili wake ni wa kiasi. Watu wanne wanauawa katika kisa kizima. Kifo cha kwanza kinaonekana kwa mbali: kamera inabaki ilipo, gari la Ordell linazunguka hadi uwanja mtupu, na risasi zinasikika kutoka huko. Kifo cha Melanie kinatokea nje ya fremu. Mtazamaji hapewi nafasi ya kufurahia.

Hata hivyo, dai kwamba mwongozaji hayumo linapuuza mabadiliko aliyoyafanya. Kumhamisha Jackie kutoka rangi moja hadi nyingine, na kutoka Florida hadi Los Angeles, kumebadili uzito wa kila tukio. Mwanamke mweusi wa miaka 44 mwenye rekodi ya kosa, anayehojiwa na maofisa wawili wazungu, ana nafasi finyu zaidi ya kusikilizwa kuliko Jackie Burke wa riwayani. Mwongozaji anaonekana pia katika muziki. Filamu inaanza kwa wimbo wa Bobby Womack uitwao Across 110th Street huku Jackie akiwa amesimama wima juu ya njia ya umeme ya uwanja wa ndege, akipita kama malkia. Kisha anashuka, anaharakisha, na mwisho anakimbia ili awahi lango la abiria. Katika dakika chache yule nyota wa miaka ya 1970 amegeuka kuwa mfanyakazi anayechelewa kazini. Kwa hiyo, upeo wa matarajio uliojengwa na jina la Grier unaitwa mbele ya hadhira na kurekebishwa palepale, kabla kisa hakijaanza. Waliokosa kuisoma ishara hiyo walingoja kisasi cha Foxy Brown kwa saa mbili na nusu.

5.3 Kwamba lugha ya filamu inaudhi

Maoni ya tatu ni ya namna tofauti. Mwongozaji Spike Lee alilalamika hadharani kuhusu wingi wa tusi la kibaguzi dhidi ya watu weusi, ambalo linatamkwa makumi ya mara, mara nyingi na Ordell. Samuel L. Jackson, ambaye amefanya kazi na waongozaji wote wawili, alimtetea Tarantino. Waliotetea walisema kwamba msanii ana haki ya kumpa mhusika lugha inayomfaa. Waliopinga waliuliza kwa nini mwandishi mzungu anavutiwa kiasi hicho na neno hilo.

Maoni haya hayawezi kufafanuliwa kwa upeo wa matarajio ya kisanaa peke yake. Yanatokana na historia ya watu na maumivu yake, na hapo ndipo mawazo ya Hall yanaposaidia. Mtazamaji anaweza kuipokea filamu kwa masharti: akamkubali Jackie, akauthamini uamuzi wa kumweka mwanamke mweusi wa makamo katikati ya filamu ya Hollywood, na bado akalikataa tusi hilo. Ni muhimu kulisisitiza hili kwa sababu simulizi ya "filamu iliyokuja kueleweka" ina tabia ya kuzifuta lawama zote za mwanzo kana kwamba zilikuwa za namna moja. Lawama ya mwendo wa polepole imepungua nguvu kwa watazamaji kuizoea filamu. Lawama ya lugha haijajibiwa kwa kupita kwa miaka, na haipaswi kuchukuliwa kuwa imejibiwa.

6.0 Kugeuka kwa Maoni

Sababu tatu zinaeleza kugeuka kwa maoni. Ya kwanza ni kutazamwa tena nyumbani kwa kanda za video na baadaye DVD. Tarantino amewahi kuilinganisha filamu yake na Rio Bravo ya Howard Hawks ya mwaka 1959, kwa maana ya filamu ambayo mtu huirudia ili akae na wahusika. Anayeitazama mara ya pili hana haja tena ya kuifuata hila ya mabegi. Macho yake yanahamia kwenye nyuso, hasa uso wa Max.

Sababu ya pili ni umri wa watazamaji. Waliokuwa na miaka ishirini na kitu mwaka 1997 leo wamefika au wamepita umri wa Jackie. Hofu ya kuanza upya, ambayo kwao ilikuwa maneno ya mhusika, imekuwa jambo wanalolijua. Jauss alizungumzia upeo unaobadilika kwa jamii nzima. Mfano huu unaonesha kwamba upeo hubadilika pia ndani ya mtazamaji mmoja.

Sababu ya tatu ni kazi zilizofuata. Baada ya kimya cha miaka sita Tarantino alirudi na Kill Bill mwaka 2003, kisha zikaja filamu kama Inglourious Basterds ya mwaka 2009 na Django Unchained ya mwaka 2012, zote zenye kisasi kikubwa na damu nyingi. Kadiri orodha ilivyorefuka, Jackie Brown ilizidi kuonekana ya pekee. Hapo ndipo yalipoenea maoni kwamba ndiyo filamu yake iliyokomaa zaidi.

Sifa hiyo inahitaji kupimwa kwa makini uleule. Aliyesema mwaka 1997 kwamba filamu ni dhaifu kwa kuwa haifanani na Pulp Fiction, na anayesema leo kwamba ni bora kwa kuwa haifanani na Kill Bill, wote wawili wanatazama pembeni. Kilichokuwa kasoro kimegeuzwa kuwa sifa, lakini kipimo hakikubadilika. Filamu inabaki kuwa tofauti kati ya kazi nyingine.

Mwisho wa filamu unaonesha kinachoweza kuonekana mtu akitazama mbele. Ordell amekufa, fedha ziko salama, na Max amechukua asilimia kumi tu kama malipo ya kazi yake. Jackie anamwalika wasafiri pamoja kwenda Hispania. Max anakataa. Wanabusiana, simu inalia, na Max anageuka kuipokea huku Jackie akiondoka. Baada ya kuikata anatembea kuelekea ndani ya ofisi yake, na umbo lake linafifia nje ya ulengaji wa kamera. Jackie anaonekana garini, wimbo wa mwanzo ukirudi, midomo yake ikiufuata kwa shida na macho yakiwa na majonzi.

Kanuni za filamu ya uhalifu humpa mshindi fedha na furaha kwa pamoja. Hapa vimetenganishwa. Jackie ameokoa maisha yake na amepata mtaji wa kuanza upya, lakini atauanza peke yake. Kukataa kwa Max kunachukua sekunde chache. Uzito wake umelipiwa na muda wote uliotangulia: kahawa isiyo na maziwa, santuri, kanda ndani ya gari. Mtazamaji aliyepewa kisa hicho kwa dakika 90 angeijua habari ya kuachana kwao. Asingeigharimia.

7.0 Hitimisho

Uchambuzi umebainisha mambo matatu. Kwanza, Jackie Brown haikukataliwa kwa sababu ya udhaifu unaoweza kuoneshwa ndani yake. Ilihukumiwa kwa umbali uliokuwapo kati yake na upeo uliojengwa na Pulp Fiction, na jina la Pam Grier, na utanzu wa filamu za uhalifu. Pili, kupanda kwa heshima yake hakujauondoa mzizi wa hukumu ile, kwa sababu sifa nyingi za sasa bado zinaisifu kwa kuilinganisha. Tatu, maoni ya hadhira si ya aina moja. Yapo yanayotokana na mazoea ya kisanaa, ambayo muda huweza kuyabadilisha. Yapo yanayotokana na historia na utu, ambayo yanahitaji jibu la hoja.

Kutokana na hayo, inapendekezwa kwamba mtafiti wa upokezi atenganishe katika data zake maoni yanayohusu kazi na maoni yanayohusu jina la mtunzi, na kila oni aliandike pamoja na mwaka wake. Pendekezo hili linahusu pia uhakiki wa Kiswahili, ambamo riwaya pendwa za upelelezi na uhalifu mara nyingi zimepimwa kwa mizani ya riwaya dhati na kuonekana pungufu. Riwaya hizo nazo zinastahili kuulizwa kwanza zinaeleza nini, kwa mbinu zipi, na kwa wasomaji gani, kabla ya kuulizwa kwa nini hazifanani na nyingine.